Nyama ya Ubatizo Niliyosema Imetoka Tengeru

Nakumbuka Jumapili moja ya ubatizo, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unanichoma mpaka leo. Si habari ninayoisimulia kwa raha. Wenzangu wakizeeka wanapenda kueleza walivyokuwa hodari ujanani. Mimi nitakueleza nilivyokuwa mjinga, tena mjinga mwenye maringo, na huyo ni mbaya kuliko mjinga wa kawaida. Chai ipo kwenye chupa, jimiminie, maana sitakwenda haraka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimeolewa huku juu mlimani, juu ya Maji ya Chai, nikitokea Kaloleni mjini nilikokuwa nimepanga chumba na cherehani yangu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo yuko Tunduma, kesho yuko Dodoma. Nyumbani nilibaki na baba mkwe, Mzee Elifasi, na mtoto wangu wa kwanza, Tumaini, ndiye huyo tuliyekuwa tunataka kumbatiza. Wanawake wa huku waliamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe, mimi nilikuwa bado napaka kucha rangi. Waliniita mama wa mjini, nami nikadhani wananisifu. Jamani, ujana!

Jirani yetu wa ng'ambo ya ua alikuwa mjane, tukimwita Mama Naeli. Alikuwa na kahawa kidogo, migomba, na banda la nguruwe nyuma ya nyumba. Hao nguruwe ndio waliokuwa mume wake, shamba lake na benki yake. Binti yake, Naeli, alikuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, na kijiji kizima kilijua kwamba nguruwe wa Mama Naeli wakikua mpaka Januari, Naeli anakwenda shule. Wasipokua, haendi. Lilikuwa jambo wazi hivyo, hata watoto walilijua.

Aliposikia tunabatiza, Mama Naeli alikuja kwangu akasema, "Mdogo wangu, chukua nguruwe mmoja kwangu. Utanilipa taratibu, mtoto ni wetu sote."

Nikamjibu nini? Nikamwambia asante dada, ila tumeshapata. Uongo. Hatukuwa tumepata kitu. Moyoni nilikuwa nasema, nani atakula nguruwe aliyelelewa kwa maganda ya ndizi, wageni wangu wa mjini watanionaje? Nilitaka nyama ya ng'ambo. Siku zile, kitu chochote kikivuka mpaka wa Namanga kwetu sisi kilikuwa kitamu zaidi, sabuni ilinukia zaidi, hata biskuti zilikuwa na heshima. Nilitaka wageni waulize nyama hii imetoka wapi, nami nitabasamu tu nisiseme.

Na usidhani sikujua. Wiki mbili kabla, baada ya ibada, bwana mifugo alisimama pale mbele kanisani na kofia mkononi. Alisema homa ya nguruwe imeonekana ng'ambo ya mpaka, nyama ya nguruwe ya kule imepigwa marufuku kuingia, asinunue mtu hata akipewa bure. Ugonjwa huo haumdhuru mtu, akasema, lakini kwa nguruwe hauna chanjo wala dawa, ukiingia bandani unamaliza. Niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Nikamgeukia mwenzangu nikanong'ona, "Ya watu wa maofisini hayo, hawaishi kukataza." Tukacheka kidogo, tukatoka.

Siku chache baadaye nilishuka Kaloleni kwa mama mmoja niliyekuwa nikimshonea magauni. Alikuwa na friji kubwa sebuleni na wateja wa kunong'onezana. Nikamwambia nataka mapaja mawili na soseji. Akashika kiuno. Akasema, "Wiki hii sikuwa na mpango wa kuleta kitu, watu wameogopeshwa na hayo matangazo. Hakuna anayeagiza. Lakini wewe ukisema, namtuma mtu."

Nikasema, "Mtume."

Neno moja hilo, mwanangu. Yule mtu alikuwa amekaa nyumbani kwake. Mimi ndiye niliyemtoa.

Ikaja nyama chini ya viazi kwenye gunia, haina muhuri, haina karatasi, imefungwa kwenye nailoni. Jumamosi akina mama wakaja kunisaidia. Tukaikata, tukaiosha kwenye mabeseni, ngozi na mafuta yasiyotakiwa tukayatupa kwenye ndoo. Unajua huku kwetu hakuna kinachomwagwa chini kama jirani anafuga. Ndoo ya makombo ina mwenyewe kabla hata sherehe haijaanza. Kwa hiyo kila tulichopunguza kikaenda kwenye ndoo ya Mama Naeli: ngozi mbichi, mafuta mabichi, maganda ya viazi, mpaka maji yenye damu tuliyooshea nyama. Nilimpelekea mwenyewe jioni ile, kwa mkono wangu, na nilijiona mwema. Roho iliniambia, si umekataa nguruwe wake, basi mpe hata makombo. Alinishukuru mara mbili, akaniombea mtoto wangu akue.

Sasa Mzee Elifasi alikuwa na utaratibu wake katika sala ya chakula. Nyama ikiwa mezani, lazima aulize imetoka zizi la nani, halafu anamtaja mwenye zizi kwa jina mbele za Mungu, abarikiwe yeye na mifugo yake. Alifanya hivyo kwa kuku, kwa mbuzi, kwa chochote. Mimi nilikuwa naona ni mambo ya kizee yanayochelewesha chakula.

Siku ya ubatizo, wageni wamejaa, pilau inafuka moshi, mzee akasimama, akavua kofia, akanigeukia.

"Mama Tumaini, mnyama huyu ametoka kwa nani?"

Loh! Nilikuwa sijajiandaa. Mama Naeli alikuwa amekaa pale pale, amevaa kitenge chake cha kanisani, ananitazama kama wengine. Nikasema, "Kwa Zakaria, baba. Zakaria wa Tengeru, karibu na sokoni."

Mzee akafumba macho. Akamwombea Zakaria wa Tengeru. Akaliombea banda lake, akawaombea watoto wake, akaomba ugonjwa wowote upite mbali na mlango wake. Watu wote wakasema amina, na mimi nikasema amina, kwa sauti.

Hakuna Zakaria. Nilimtunga pale pale, na kijiko cha kupakulia mkononi.

Chakula kilisifiwa, hilo nilipata. Wageni wangu wa mjini walilamba vidole, mmoja akasema anajua nyama ya aina hii inakotoka, akanikonyeza. Nikaona nimefika.

Siku ya tisa, Mama Naeli aliniita kupitia uani. Alikuwa na ndoo yangu, na hakuirudisha tupu. Ameijaza ndizi za kupika na mafungu mawili ya mboga ya mnafu. Akanipa, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yule jike mkubwa hali tangu jana, masikio yamekuwa mekundu, anatetemeka, na watoto wake wamelala wamerundikana. Akaniuliza kama mjini kuna dawa ninayoijua.

Nilisimama nimekumbatia ndoo ya ndizi. Nilijua, mwanangu. Nilijua kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia, "Labda ni baridi, dada." Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Walikufa mmoja mmoja, halafu wawili wawili, halafu wote. Ugonjwa ukaruka mpaka mabanda mengine ya huku juu. Bwana mifugo akaja na viatu vya mpira, akakataza nguruwe kutoka wala kuingia. Shimo likachimbwa nyuma ya nyumba ya Mama Naeli, wakafukiwa na chokaa. Naeli alikuwa amesimama pembeni ya shimo, mikono nyuma. Mama yake ndiye aliyelia.

Bwana mifugo akamuuliza mama huyo amewalisha nini. Akasema maganda ya ndizi, pumba, na makombo ya ubatizo wa jirani. Basi akanijia mimi, na Mama Naeli akamfuata nyuma. Akaniuliza kwa upole nyama ya sherehe ilitoka wapi.

Nikasema, "Tengeru."

Mama Naeli akadakia kunitetea! Akasema, "Ni kweli afisa, mzee alimwombea huyo mtu mbele yetu sote." Nilitamani ardhi inimeze pale nilipo. Bwana mifugo akaandika, akaenda zake, akaanza kushuku pumba.

Niliyeshindwa kumdanganya ni Mzee Elifasi, na hata hakujua kwamba ananikamata. Kesho yake alichukua fimbo yake asubuhi, akasema anakwenda Tengeru. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Nguruwe wanakufa huku. Yule Zakaria tumekula nyama yake, si vizuri asikie kwa watu. Nakwenda kumwonya aangalie banda lake."

Nilipaswa kumzuia. Nilipaswa kushika ule mkono na kumwambia baba, kaa. Badala yake nilimkaangia mayai, nikamwacha aende. Mzee wa miaka zaidi ya sabini, magoti mabovu, akaenda kumtafuta mtu niliyemtunga.

Alirudi alasiri, vumbi mpaka magotini. Akakaa kwenye kigoda barazani, akaomba maji, akanywa yote. Halafu akasema, "Nimemuuliza kila mtu sokoni. Nimewauliza wauza nyama, nimemuuliza mchungaji wa kule. Wamenitajia Zakaria fundi baiskeli, na Zakaria mwingine ni marehemu."

Nikainama kuchukua kikombe chake.

"Mama Tumaini, nimemwombea kwa Mungu mtu ambaye hayupo. Nimesimama mbele ya watu na kichwa changu cheupe nikasema uongo kwa Mungu, kwa sababu nilikuamini." Hakupaza sauti. Angepaza ningepata nafuu. "Hiyo nyama ilitoka wapi?"

Nikamwambia. Kaloleni, Namanga, gunia la viazi, yote. Nililia, lakini nilikuwa najililia mwenyewe, na nadhani alijua. Nikaanza kujitetea. Nikasema, "Baba, mimi sikuvusha kitu. Kuna watu wanafanya biashara hiyo kila siku. Mimi nilinunua tu."

Akaniuliza, "Huyo aliyevusha, alivusha kwa ajili ya nani?"

Nikafuta machozi kwa kanga.

"Ungesema hapana, angekaa kwake. Wewe unajiita mnunuzi tu. Kwa nyama hii, wewe ndiye uliyeianzisha safari." Kisha akanyanyuka kwa taabu. "Mimi sitakwenda kukusemea kwa Mama Naeli. Hilo ni lako. Ila ujue kila siku utakayokaa bila kusema, unamwibia tena."

Jioni ile nilikwenda mpaka kwenye ua. Nikamwona Mama Naeli anafagia banda lililo tupu, analifagia vizuri kama vile kuna kitakacholala humo. Nikageuka nikarudi. Nikasema kesho. Kesho nikasema Jumapili. Unajua uongo wa aina hiyo unavyojipangia tarehe.

Januari ilipofika Naeli hakwenda shule. Alishuka Kaloleni kuosha vyombo kwenye mgahawa, akiwa na miaka kumi na minne, na mimi nilimwona akipita njiani na mfuko wake wa nailoni. Alinisalimia, "Shikamoo mama." Nikamwitikia marahaba. Nilimtakia safari njema, fikiria!

Mzee Elifasi aliendelea kuomba juu ya chakula chetu, lakini tangu siku ile hakuuliza tena kimetoka kwa nani. Alisema amina tu, akala. Wageni hawakutambua. Mimi nilitambua kila siku, asubuhi na jioni, na hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyoniuma vile.

Mwaka ukapita, nikawa mjamzito wa pili. Mchana mmoja niko kwenye cherehani, Mama Naeli akaingia na kitu kwenye mfuko. Akakitoa akakiweka mbele yangu. Kilikuwa kitambaa cha bluu, kizuri, kimekunjwa bado kwa mikunjo ya dukani. Akasema, "Hiki nilikinunua cha sketi ya shule ya Naeli. Hatakitumia tena, na nikikiona kabatini kinanisumbua. Mkatie Tumaini kaptura, kikibaki mshonee huyo anayekuja."

Nikaondoa mguu kwenye pedeli. Nikaanza kusema, na nilipoanza sikusimama. Nilimwambia nyama ilikuwa ya magendo. Nilimwambia nilisikia tangazo kanisani nikacheka. Nilimwambia ile ndoo ndiyo iliyowaua nguruwe wake, na Zakaria hayupo, na kwamba nilijua tangu siku aliyoniletea ndizi. Nilimwambia nguruwe wake nilimkataa kwa sababu niliona haya kumlisha mgeni mnyama wa jirani yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Nilingoja anipige, au apige kelele watu wajae. Ningeshukuru.

Akauliza swali moja tu, tena kwa utulivu, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Ilikuwa tamu?"

Mwanangu, nilijaribu kukumbuka. Nilitafuta ile ladha kichwani mwangu, nikatafuta, nikasema angalau nimpe jibu la kweli safari hii. Haikuwepo. Nilikumbuka kucha zangu, nilikumbuka yule mgeni aliyenikonyeza, nilikumbuka kijiko. Nyama yenyewe sikuikumbuka hata kidogo.

Nikasema, "Sikumbuki."

Akatikisa kichwa polepole. Akakichukua kitambaa chake, akakikunja upya, akakirudisha kwenye mfuko, akatoka. Baadaye nilimpelekea watoto wawili wa nguruwe, akawakataa kwa adabu. Nilikwenda kwa bwana mifugo nikasema ukweli, nikasimama kanisani pale pale aliposimama yeye nikasema, na yule mama wa Kaloleni akakoma kunipa magauni yake. Mama Naeli alinisamehe kwa mdomo, kwenye ibada ya toba, akanipa mkono. Lakini ndoo yangu hakuipokea tena mpaka anazikwa. Naeli leo ana watoto wakubwa, ni mtu mzima mwenye heshima zake, na akikutana nami bado anainama kidogo na kusema shikamoo. Mimi ndiye nisiyeweza kumtazama machoni.

Nimekueleza haya kwa sababu juzi nilikusikia kwenye simu. Usinune, sikuwa natega sikio, mnaongea kwa sauti kubwa wenyewe. Nilikusikia unaagiza nyama ya sherehe ya sendoff ya dada yako, ya kumuaga kabla ya harusi, kwa huyo mtu wenu wa kwenye kundi la WhatsApp, anayeandika mzigo umeingia, na ukamwambia ongeza na soseji zile za ng'ambo, watu wakubwa wa Njiro wanakuja. Nikahisi nimekaa tena kwenye sebule yenye friji kubwa. Siku hizi hata gunia la viazi halionekani, bodaboda anakuletea mlangoni umekaa kwenye kochi. Lakini kazi ni ile ile. Anasubiri mmoja aseme ndiyo.

Basi shika haya. Ukiona nyama haina muhuri, au anayeuza hataki kusema mnyama alichinjwa wapi, iache, hata kama ni laini, hata kama mkwe anakuja na magari matatu. Ukisikia kuna karantini, si porojo za ofisini, ni banda la mtu fulani linalolindwa, na huyo mtu ana mtoto anayesubiri Januari. Wala usijifiche nyuma ya kusema wengine wananunua. Nilijificha hapo, hapafichi mtu. Na kama umeshakosea, nenda ukaseme siku ile ile, kabla maneno hayajakuwa mazito. Mimi nilichelewa mwaka mzima, na mwaka ule ndio uliokuwa wa Naeli.

Mungu akupe jina jema kwa majirani zako, kubwa kuliko sifa za wageni wa siku moja. Akupe ujasiri wa kusema hapana wakati wenzako wanakukonyeza. Akujalie uzeeke bila kuwa na mtu unayeinamisha macho mbele yake.

Haya, toa hiyo simu mfukoni. Mpigie sasa hivi, mimi nikisikia, umwambie asilete.